Gereza Lililoondolewa Ngomeni

Barabara ya Moshi na Arusha huachana na njia ya Siha mahali paitwapo Boma Ng'ombe. Kutoka hapo njia hupanda kuelekea kaskazini, Kilimanjaro ikiwa mkono wa kulia, hadi Sanya Juu, mji ulio ukingoni mwa mlima na mwanzoni mwa mbuga zinazotandaa kuelekea Mlima Meru. Jina la njia panda hiyo halina fumbo: ni boma la kufungia ng'ombe. Hata hivyo neno boma lenyewe limesafiri sana. Kwanza ni ua wa miti, wa miiba au wa mawe, unaozunguka watu na mifugo yao. Kisha ni ukuta wa vita. Walipokuja Wajerumani likawa jina la kituo cha serikali, chenye bendera, askari na mahabusi. Bendera zikabadilika, na bomani pakabaki ni pahala pa kulipia kodi na kujibia mashtaka.

Pwani limetokea jambo kama hilo kwa neno gereza. Wanaisimu wengi hulitoa katika neno la Kireno igreja, maana yake kanisa. Wareno walipojenga ngome walijenga na kanisa ndani yake, na wenyeji walioitazama kwa nje wakapaita pahala pote kwa jina la sehemu moja. Walipoondoka Wareno, gereza likawa ni ngome. Ndivyo liitwavyo hadi leo jengo la mawe lililopo ufukweni Kilwa Kisiwani. Na ngome zilipogeuzwa vifungo, gereza likawa ni mahali pa kufungia watu. Kanisa, ngome, kifungo: silabi tatu zimebeba karne nne, na maana iliyokuja nyuma haikuifuta kabisa iliyotangulia.

Mawe hayana subira hiyo. Anayetaka kuifufua ngome ya kale aghalabu huikuta imekaliwa. Juu ya misingi yake yamesimama majengo ya waliokuja baadaye: kambi, karakana, shule, ofisi, selo za wafungwa. Kufufua, basi, huanza kwa kubomoa, na kila anayebomoa hulazimika kuamua ni wafu gani wa pahala hapo watakaosikiwa na ni wepi watakaonyamazishwa. Afrika ya Mashariki ina mfano mmoja uliotimia wa kazi hiyo, nao uko Mombasa. Ina pia mfano wa namna nyingine ya kubomoa, uliotokea kati ya Sanya na Meru, ambao hapana aliyewahi kuuita ufufuaji wa chochote. Mifano hiyo miwili ni ya muongo mmoja, na mtawala aliyeisimamia ni mmoja. Ikiwekwa pamoja, kila mmoja humfasiri mwenzake.

Ngome ya Mombasa ilianza kujengwa mwaka 1593, kwa amri ya Mfalme Felipe, aliyezitawala Hispania na Ureno kwa wakati mmoja. Mchoraji wa ramani yake alikuwa Mtaliano, Giovanni Battista Cairati, na pahala palipochaguliwa ni mwamba wa matumbawe uliopo mlangoni mwa bandari. Umbo lake, likitazamwa kutoka juu, watu hulifananisha na mtu aliyelala chali. Wareno waliipa jina la Yesu. Jina hilo halikuipa amani. Mwaka 1631 Yusuf bin Hasan, mwana wa mfalme aliyelelewa Goa na kubatizwa jina la Dom Jerónimo, aliingia ngomeni kama rafiki, akamuua kapteni na kuitwaa. Mwaka uliofuata aliiacha, na Wareno wakarudi. Juu ya lango kukawekwa jiwe la maandishi la mwaka 1635 lenye kujisifia ushindi. Mnamo Machi 1696 majeshi ya Oman yakaizingira, na mazingira hayo yakadumu hadi Desemba 1698, miezi 33 ya njaa, maradhi na mizinga. Merikebu ya Kireno Santo António de Taná, iliyoletwa kuiokoa ngome, ilizama mwaka 1697 chini ya kuta zake. Mabaki yake yalichunguzwa na wapiga mbizi katika miaka ya 1970, na vitu vingi vilivyotolewa humo vimo katika makumbusho ya ngome hiyo.

Wareno walirudi tena mwaka 1728, wakafukuzwa mwaka 1729. Kutoka kati ya karne ya 18 ngome ikawa makao ya Wamazrui, ambao mwanzo walikuwa maliwali wa Oman na baadaye wakajitawala. Huo ndio wakati wa Muyaka bin Haji, mshairi aliyeishi takriban kati ya mwaka 1776 na 1840, ambaye tungo zake za vita zinasimama upande wa Mombasa dhidi ya Seyyid Said wa Maskati na Unguja. Wapenda ushairi wa visiwani wamezisoma tungo hizo kwa vizazi, ijapokuwa adui anayepigiwa mafumbo humo alikuwa mtawala wao. Bila kazi ya Mwalimu Sikujua na William Taylor, waliozikusanya mwishoni mwa karne ya 19, nyingi zingalikwenda na walioziimba. Kwa Muyaka ngome ilikuwa ni enzi. Aliyeishika ngome ndiye aliyeushika mji, na mashairi yalirushwa kutoka pande zote mbili za ukuta kama risasi. Wamazrui waliishinda nguvu ya Seyyid Said mara kadhaa, na hata wakatweka bendera ya Mwingereza kati ya mwaka 1824 na 1826 ili wajikinge naye. Mwaka 1837 utawala wao ukakoma. Baada ya hapo ngome ikawa kambi ya askari wa Sultani. Mnamo Januari 1875 akida wake, Muhammad bin Abdallah, aliasi akiwa ndani yake, na manowari za Kiingereza zikaipiga mizinga hadi akasalimu amri.

Mwaka 1895 Uingereza ilitangaza himaya yake, na ngome ikafanywa gereza. Uwanja wa ndani ukajaa majengo ya kifungo. Hali hiyo ilidumu miaka 63. Yaliyopita humo hayakuimbwa kama vita vya Muyaka, kwa sababu mfungwa hana mshairi wa kumjibu aliye ng'ambo ya ukuta. Lakini ni yamkini kwamba gereza hilo, pamoja na uchungu wake wote, ndilo lililoziweka kuta za ngome zikisimama. Gereza halina faida bila ukuta, na mlinzi wa gereza hungojei proverbu kumwambia kwamba asiyeziba ufa atajenga ukuta.

Mwaka 1958 ngome ilitangazwa kuwa ya hifadhi, ikawekwa chini ya wadhamini wa hifadhi za taifa za Kenya ya wakati huo. Kazi ya kuichimba na kuitengeneza alikabidhiwa James Kirkman, ambaye tangu mwaka 1948 alikuwa msimamizi wa magofu ya Gedi. Fedha zilitoka katika Wakfu wa Calouste Gulbenkian, ulioanzishwa Lisbon mwaka 1956 kwa wasia wa tajiri wa mafuta mwenye asili ya Kiarmenia. Wafungwa walihamishwa, majengo ya kifungo yakaondolewa, na vifusi vikachekechwa. Ikaibuka misingi ya kanisa, nyumba ya kapteni, kambi za askari, kisima na birika la maji ya mvua. Ikaonekana pia michoro ya ukutani ya Wareno, yenye merikebu, watu na makanisa, iliyochorwa kwa makaa na udongo mwekundu. Mwaka 1960 milango ilifunguliwa kwa umma, na ngome ikawa makumbusho.

Faida ya kazi hiyo haikanushiki. Kabla yake, mtu wa Mombasa aliingia ngomeni kwa amri ya hakimu. Baada yake, akaingia kwa miguu yake na watoto wake. Wala si haki kumshitaki Kirkman kwamba aliwatafuta Wareno peke yao. Baraza la Wamazrui, lenye maandishi ukutani, lilihifadhiwa, na Nyumba ya Kiomani iliyo juu ya buruji la San Felipe ingali imesimama. Alichimba kwa tabaka, akaandika, akachapisha matokeo yake mwaka 1974. Hata hivyo katika jina la kitabu chake aliiita ngome ya Wareno, na mwaka 2011 UNESCO ilipoiingiza katika orodha ya urithi wa dunia iliisifu kwanza kama mfano bora wa ujenzi wa kijeshi wa Kireno wa karne ya 16. Hesabu ya miaka husema vingine. Kutoka mwaka 1593 hadi 1698 Wareno waliishika kwa muda wa karibu miaka 105, ukitoa miezi ya Yusuf bin Hasan. Waomani, Wamazrui na masultani wa Unguja waliishika kwa karibu miaka 200. Wafungwa wa himaya na koloni wakakaa humo miaka 63. Katika matabaka hayo matatu, la tatu tu ndilo lililofagiliwa.

Na aliyelifagia ni nani? Ni serikali ileile iliyolijenga. Mwingereza aliiondoa alama yake mwenyewe ndani ya ngome miaka mitano kabla ya Kenya kupata uhuru wake mwaka 1963, wakati nchi ilikuwa bado chini ya sheria za hali ya hatari zilizotangazwa mwaka 1952, na wakati makambi ya kuwafungia watu bara yalikuwa hayajafungwa. Si lazima kudai kwamba ilikuwa njama. Mwenye kuchimba huona tabaka la juu kuwa ni uchafu unaomzuia asifike chini, na majengo ya selo hayana uzuri wa kumfanya mtu asite. Lakini matokeo ni yaleyale. Baharia wa Kireno aliyeshika makaa akachora merikebu yake ukutani leo anahifadhiwa na kuelezwa kwa wageni. Mfungwa wa mwaka 1920 hana hata ukuta alioegemea. Kilichobaki kwake ni neno la Kiswahili.

Unguja imepata bahati ya namna nyingine, ijapokuwa haikuitafuta. Ngome Kongwe ilijengwa na Waomani baada ya Wareno kufukuzwa, mahali palipokuwa na kanisa, na kipande cha ukuta wa kanisa hilo kimo ndani yake. Katika karne ya 19 ilikuwa kambi na kifungo. Mwanzoni mwa karne ya 20 ilitumiwa na reli ya Bububu, na baada ya Vita vya Pili vya Dunia ikawa uwanja wa klabu ya wanawake. Katika miaka ya 1990 palijengwa jukwaa la wazi, na humo zikafanyika sinema, ngoma na taarabu za matamasha. Hapana aliyeirudisha Ngome Kongwe katika mwaka wowote mmoja. Kila aliyekuja alijipatia pembe yake. Wapenda usafi wa historia huona huo ni mchanganyiko usio na heshima. Lakini mchanganyiko huo umeacha kanisa, ngome na jukwaa vikae pamoja, kama vile maana zilivyokaa pamoja katika neno gereza. Tahadhari yake ni kwamba kuacha hakufanani na kutunza. Jirani yake, Beit al-Ajaib, sehemu yake iliporomoka Desemba 2020, na kuporomoka nako ni namna ya kubomoa.

Nchi ambayo imelifikiria suala hili kwa muda mrefu zaidi ni Japani. Mwaka 1873 serikali ya Meiji ilitoa amri ya kuzifuta ngome za mabwana wa zamani. Nyingi zilivunjwa au kuuzwa, na viwanja vyake vikapewa jeshi, shule na ofisi. Karne moja baadaye miji ikaanza kuvitaka tena viwanja hivyo. Huko Kanazawa chuo kikuu kilikaa ndani ya ngome tangu mwaka 1949, kikahamishwa nje ya mji, na kazi hiyo ikamalizika mwaka 1995. Mwaka 2001 buruji na ghala refu la ngome vikasimamishwa upya kwa mbao na kwa ufundi wa seremala wa kale. Mfano wenye uzito zaidi ni wa kisiwani Okinawa. Kasri la Shuri, makao ya wafalme wa Ryukyu, liliteketea katika vita vya mwaka 1945. Mwaka 1950, chini ya utawala wa Marekani, juu ya magofu yake kulifunguliwa Chuo Kikuu cha Ryukyu. Chuo kikahamishwa, na mwaka 1992 ukumbi mkuu wa kasri ukasimama tena, mwekundu kama ulivyokuwa. Tarehe 31 Oktoba 2019 ukaungua, na ujenzi mwingine ukaanzishwa.

Katika Shuri limo funzo linaloihusu Mombasa moja kwa moja. Chini ya kilima cha kasri hilo yamo mahandaki yaliyochimbwa kuwa makao makuu ya Jeshi la 32 la Japani, na ni kwa sababu ya mahandaki hayo ndipo mabomu yaliangukia kasri. Ukumbi uliojengwa upya ulisimulia ufalme. Haukuweza kusimulia kilichouangamiza. Kwa miaka mingi wapo wakaazi wa Okinawa wanaodai mahandaki yafunguliwe, si kwa sababu hawalipendi kasri, bali kwa sababu wanataka mgeni anayelisifu aelewe ni kwa nini ni jipya. Seoul nako walibomoa kwa macho makavu. Jengo la serikali ya kikoloni ya Japani, lililowekwa mwaka 1926 mbele ya kasri la Gyeongbokgung ili kulifunika, lilianza kuvunjwa tarehe 15 Agosti 1995, siku ya kuadhimisha miaka 50 ya ukombozi. Huko aliyeonewa ndiye aliyeshika nyundo, na alitangaza anachokivunja na sababu yake. Mombasa nyundo ilishikwa na aliyejenga, naye hakutangaza kitu zaidi ya kwamba anaitengeneza ngome ya kale.

Sasa turudi mlimani. Kilimanjaro haikukosa ngome. Horombo wa Keni, huko Rombo, mtawala ambaye jina lake siku hizi hulijua zaidi wapanda mlima wanaolala katika kibanda kinachoitwa kwa jina hilo, alijenga maboma ya mawe. Sina wa Kibosho alijizungushia kuta na mahandaki, na Hermann von Wissmann hakumshinda mwaka 1891 ila kwa mapigano makali. Wachagga walichimba pia mapango ya kujificha chini ya mashamba yao, yenye njia nyembamba ambazo adui huingia akiwa ameinama. Biashara ya pwani ilizijua kuta hizo. Misafara ya Pangani na Mombasa ilifika katika nyua za mamangi kabla ya Mzungu yeyote, na Johannes Rebmann aliyefika mwaka 1848 alifuata njia iliyokwisha kukanyagwa. Ngome za mlimani hazikufunikwa na majengo mapya kama ile ya Mombasa. Zilivunjwa na mshindi, au ziliachwa zikaliwa na migomba na kahawa.

Badala yake likaja boma la Wajerumani huko Moshi ya kale, nchi ya Mangi Meli, mwana wa Rindi. Mwaka 1892 watu wa Meli waliwashinda Wajerumani. Mwaka 1893 Wajerumani wakarudi na nguvu kubwa zaidi, wakamshinda. Tarehe 2 Machi 1900 Meli alinyongwa pamoja na viongozi wengine, jumla yao watu 19, wa Kilimanjaro, Meru na Arusha. Miongoni mwao alikuwa Molelia wa Kibosho, na alikuwa Ngalami, mangi wa Siha, nchi ambayo Sanya Juu imo ndani yake. Inasimuliwa kwamba kichwa cha Meli kilikatwa na kupelekwa Ujerumani. Mwaka 2019 sanamu yake iliwekwa Moshi ya kale, karibu na mti wa kunyongewa. Mwaka 2023 uchunguzi wa vinasaba uliofanywa Berlin ulitambua fuvu la akida aliyekuwa mshauri wa Meli, kwa kulilinganisha na mzao wake aliye hai. Kwa hiyo mlimani swali la nini kirudishwe halihusu mawe. Ukoo uliopokea habari kama hiyo hauhitaji buruji lililopigwa chokaa upya. Unahitaji kuzika.

Na mlimani swali la nini kiliondolewa halikuishia kwa Wajerumani. Mbuga zilizo kati ya Kilimanjaro na Meru, zilizoitwa na Waingereza ushoroba wa Sanya, zilikuwa zimegawanywa mashamba ya walowezi tangu siku za Wajerumani. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia Jaji Mark Wilson aliteuliwa kuchunguza suala la ardhi la Arusha na Moshi. Ripoti yake ya mwaka 1947 ilipendekeza kwamba ushoroba huo uwe ukanda mmoja wa walowezi wa Kizungu, na wenyeji waliokuwa katikati wahamishwe. Waliohusika zaidi walikuwa Wameru wa Ngare Nanyuki. Mnamo Novemba 1951 waliondolewa kwa nguvu, wapatao 3,000, ili pawe na mashamba 13 ya walowezi. Nyumba zilichomwa na kubomolewa, na mifugo ikaswagwa kuelekea Kingori. Mwaka 1952 Kirilo Japhet, akisaidiwa na Earle Seaton, wakili mzaliwa wa Bermuda aliyefanya kazi Moshi, alisimama mbele ya Umoja wa Mataifa huko New York akayaeleza hayo. Kura za kuirudisha ardhi hazikutimia katika Baraza Kuu. Lakini madai ya Wameru yaliingia katika kumbukumbu za dunia, na Tanganyika ikajifunza kwamba utawala wa udhamini unaweza kuulizwa hadharani.

Wako watakaosema kwamba vibanda vya Ngare Nanyuki na selo za Mombasa havilingani, na kwamba kuwaondoa watu katika ardhi yao si sawa na kuondoa majengo matupu ili watu wapate kumbukumbu yao. Ni kweli, na tofauti hiyo isidharauliwe: mmoja ulikuwa uporaji na wa pili ulikuwa uhifadhi. Lakini mkono ulioshika nyundo ulikuwa mmoja, na macho yaliyochagua cha kubomoa yalikuwa yaleyale. Mwaka 1951 macho hayo yalitazama nyumba za watu yakaona ardhi iliyovurugwa, inayohitaji kunyooshwa. Mwaka 1958 yalitazama kifungo cha miaka 63 yakaona vifusi vilivyoizuia historia isionekane. Katika mahali pote pawili, Mwafrika aliyekuwa papo, awe mwenye nyumba au awe mfungwa, alihesabiwa kuwa ni kitu kilichokuja baadaye. Ardhi ilipendeza zaidi kabla yake. Ngome ilipendeza zaidi kabla yake. Ndiyo maana mfano wa Sanya unafaa kuwekwa mbele ya kila mchoro wa kufufua mji mkongwe, uwe wa Mombasa, wa Lamu, wa Bagamoyo au wa Unguja. Unawakumbusha wenye michoro kwamba neno uchafu, katika historia ya nchi hizi, lilikwisha kutumika kuwaelezea watu.

Haifuati kwamba kila kilichosimama kisiguswe. Ngome ya Mombasa ingalibaki gereza, mtoto wa Mombasa angaliijua kwa hofu tu. Kubomoa kuna wakati wake. Lakini kabla ya nyundo kuna kazi ya kalamu: kulichora kila jengo litakaloondoka, kuyanakili maandishi na mikwaruzo iliyomo katika kuta zake, kuwasikiliza waliokaa humo wangali hai, na kuacha chumba kimoja kisimame kama kilivyokuwa. Mwaka 1958 walikuwapo Mombasa watu waliofungwa ngomeni katika miaka ya 1920 na 1930. Wangaliulizwa, wangaliweza kusema mlango ulifungwa saa ngapi na usiku kulisikika sauti gani kutoka baharini. Chumba kimoja cha kifungo kisingaliwaziba Wareno wala Wamazrui. Kingaliwaonyesha kwamba nao, kila mmoja kwa zamu yake, waliifanya ngome hiyo kuwa mahali pa kumzuia mtu mwingine.

Lamu ina nafasi ya kulifikiria jambo hilo, kwa kuwa ngome yake nayo ilikuwa gereza kabla ya kuwa makumbusho, na waliofungwa humo ni wa zama za karibu zaidi. Siha nayo ina nafasi yake. Jina la Ngalami halidai ukuta. Ladai kuandikwa pale ambapo mtoto wa Sanya Juu atalisoma akiwa njiani kwenda shule, pamoja na habari za mbuga anazoziona kila siku na watu waliotolewa ng'ambo yake mwaka 1951.

Hadi hayo yatimie, shahidi aliyebaki ni lugha. Mzee wa Mombasa asemaye gereza hutamka kanisa la Wareno, ngome ya Wamazrui na kifungo cha Waingereza kwa pumzi moja. Mchuuzi wa Boma Ng'ombe hulitaja zizi, ngome na ofisi ya mkuu wa wilaya kila anapomtajia abiria jina la kituo. Wala hapana fundi aliyepewa zabuni ya kuyasafisha maneno hayo, na heri asipatikane.